Rangi ya Kale Ni Tamu

"Mimi nikilamba ukuta, nakwambia ulipakwa rangi mwaka gani!"

Maneno hayo aliyatoa hadharani, kwenye kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma kama mtu mwenye mafua, siku kijumba cha kwanza kilipofunguliwa upya. Watu walicheka mpaka viti vya kukodi vikalalamika. Hakuwa msemaji wa kupangwa. Ratiba iliandika "neno la shukrani kutoka kwa mafundi, dakika mbili", na mafundi wenzake wakamsukuma yeye mbele kwa sababu shati lake ndilo pekee lililokuwa na vifungo vyote.

Alikuwa fundi rangi. Jina alilopewa na wazazi lilijulikana kwa mkewe na karani wa mishahara tu. Wengine wote walimwita Ulimi, na ulimi huo ulifanya kazi mbili: kusema na kuonja.

Vijumba vyenyewe vilikuwa kumi na vinne, vimejipanga mstari mmoja juu ya mchanga. Vilikuwa vya mbao tupu, kila kimoja na baraza mbele, madirisha ya luva na paa la bati. Zamani familia zenye uwezo zilikuja kukaa humo miezi ya joto, watoto wakishinda majini na wakubwa wakilala mchana na gazeti usoni. Halafu wenyewe wakazeeka, warithi wakagombana, chumvi ikala misumari, na mchwa nao wakaja likizo wakasahau kuondoka. Vilikuwa vimebakiza kidogo kubomolewa pale mama mmoja mchora ramani za majengo alipounda chama cha kuvihifadhi. Mama huyo alitembea na karatasi zilizoviringwa kwapani mchana kutwa, hata msibani, ndiyo maana wakamwita Mama Ramani. Sharti lake lilikuwa moja: kila kijumba kirudi kama kilivyokuwa siku ya kwanza, mbao kwa mbao, bawaba kwa bawaba, rangi kwa rangi.

Kwenye rangi ndipo palipokuwa na kesi. Bibi mmoja aliapa kijumba cha kwao kilikuwa cha kijani. Kaka yake akaapa kilikuwa cha njano, na wawili hao walikuwa hawajasalimiana tangu enzi za redio za betri. Picha za zamani hazikuwa na rangi, hazikumsaidia mtu. Ndipo Ulimi akaitwa. Alitafuta kona iliyojificha nyuma ya dirisha, jua lisipofika, akakwangua kwa skrepa eneo la ukubwa wa kiganja, tabaka moja baada ya jingine, akiacha ukingo mwembamba wa kila tabaka, mpaka akagusa mbao. Kilichobaki ukutani kilikuwa kama ngazi ya kupandwa na sisimizi: nyeupe, buluu, nyeupe nyingine, maruni, na chini kabisa kijani cha mwani. Wenyewe kazini waliiita hivyo hivyo, ngazi. Bibi alipoiona ngazi, alimsalimia kaka yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, ili amzomee vizuri.

Sasa shida ni nyeupe. Nyeupe mbili zikikaa pamoja, nani atajua ipi ni ya juzi na ipi ni ya enzi? Hapo ulimi uliingia kazini. Ulimi alibandua gamba la rangi, akalipuliza, akaligusisha kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho.

"Rangi ya kale ni tamu," aliwaeleza watu siku ile ya sherehe. "Utamu wa mbali, kama maji yaliyosuuzia chupa ya asali. Hizi za siku hizi ni sawa na kulamba sahani ya plastiki."

Mwaka wenyewe, tuseme ukweli, alikuwa akiubahatisha. Lakini kale na sasa hakuwahi kuvikosea.

"Na msidhani ni mimi tu!" akaendelea, dakika zake mbili zikiwa zimekwisha zamani. "Ninaye mtoto nyumbani ananishinda!"

Alimnyanyua binti yake kutoka mstari wa mbele, msichana wa miaka sita mwenye soksi mpya, akamsimamisha juu ya meza. Mama Ramani, akicheka, akampa magamba matatu, moja baada ya jingine. Mtoto akafumba macho kama baba yake.

"Tamu," alisema. "Tamu." La tatu akalitema. "Hili si tamu."

Yote matatu alipatia. Makofi yaliyopigwa siku ile, hata mkuu wa shughuli hakupigiwa.

*

Mtoto huyo aliitwa Mtaalamu. Jina alipewa na Seremala, rafiki wa baba yake, siku alipomsahihisha mtu mzima hesabu ya misumari akiwa na miaka minne na nusu. Alijua kusoma kabla ya kuota meno ya mbele ya pili. Mwalimu wake alisema akiendelea hivi atarushwa darasa, na tangu hapo Ulimi hakuomba kitu kingine duniani. Yeye mwenyewe alitoka shule kabla ya kumaliza daftari la kwanza. Alichotaka ni kichwa cha mtoto huyu kifike mahali ambapo mikono yake yeye isingefika. Siku moja ashike karatasi zilizoviringwa kwapani, amwamuru yeye baba yake, "Fundi, pale umepaka ovyo, rudia."

"Na nitarudia," alimwambia Seremala. "Nitamwamkia kwanza, halafu nitarudia."

"Wewe ukiamrishwa na mwanamke huwa unarudia kweli?" Seremala akauliza. "Mbona shemeji analalamika?"

Basi kila akitoka kazini alirudi na zawadi. Wenzake waliwapelekea watoto wao biskuti, yeye alileta kasha la kiberiti lenye magamba ya rangi. Mtaalamu alimvamia mlangoni, akaning'inia kwenye ovaroli iliyojaa vumbi, akapekua mifuko mpaka akalipata. Kisha wakakaa chini ya dirisha la chumba chao cha mbele, yeye na baba yake, magamba yamepangwa juu ya kigoda, na somo likaanza. Hii ni rangi gani? Maruni. Imetoka kijumba namba ngapi? Namba tatu. Ya kale au ya sasa? Mtoto anaonja. Ya kale, baba. Yale matamu hakuyatema yote.

Mke wa Ulimi alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache yenye sindano. Alizifua zile ovaroli pamoja na sare za mtoto, beseni moja, akizianika pale mbele ya nyumba, na jirani akimuuliza shemeji yuko wapi siku hizi mbona haonekani, alijibu bila kugeuka:

"Yuko kwenye nyumba ndogo zake. Anazo kumi na nne, zote za ufukweni, na zote wazee kuliko mimi."

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Utani huo ulizunguka mtaa mzima, na Ulimi mwenyewe aliupenda. Akiaga asubuhi alisema, "Mama Mtaalamu, nakwenda kwa nyumba ndogo, usinisubiri na chakula."

Kazini chama kiliwagawia barakoa za vumbi. Seremala aliivaa yake kisogoni, kuzuia jua. Ulimi alitumia yake kuhifadhia magamba, maana ilikuwa na umbo zuri la bakuli, na tena utaonjaje umefunga mdomo?

*

Ilianza na tumbo. Mtoto alilia tumbo asubuhi, akapewa dawa ya minyoo. Akalia tena, akapewa tena. Minyoo gani hiyo isiyokufa, mama yake alisema, imesoma mpaka wapi? Halafu akaanza kuwa mkali, yeye aliyekuwa akicheka na ukuta. Akawa anasinzia darasani. Akagoma kula. Rangi ya uso ikamtoka.

Kisha mwalimu akaandika barua. Ilisema kwa lugha ya adabu kwamba habari ya kurushwa darasa isubiri, kwa kuwa mtoto amerudi nyuma, anasahau herufi alizokuwa akizijua, na akiitwa jina mara nyingine haitiki.

Ulimi aliisoma barua ile polepole, kidole kikifuata mstari, akaikunja.

"Huyu mwalimu ana wivu," alisema.

"Wivu wa nini?" mkewe akauliza. "Wa soksi?"

"Mtoto amezubaa kidogo tu. Kichwa ni kama brashi, ukikiacha bila kazi kinakauka. Nitamwongezea mazoezi."

Na alimwongezea. Hilo ndilo jambo ambalo baadaye alilirudia mwenyewe mara nyingi bila kuulizwa na mtu, hata kwa watu aliokutana nao kwenye foleni: nilimwongezea. Kasha moja la kiberiti yakawa mawili. Alimletea magamba ya zamani kabisa, ya chini ya ngazi, kijani cha mwani cha namba tisa, yaliyokuwa matamu kuliko yote. Mtoto aliyagusa kwa ulimi, akamtazama baba yake.

"Hii ni rangi gani, mama?" Ulimi aliuliza, maana binti yake alimwita mama.

Mtoto alifikiri. Midomo ikatafuta, haikupata.

"Tamu," akasema.

"Sikuulizi ladha. Nakuuliza rangi."

"Tamu, baba."

Kijani alikuwa akikijua tangu ana miaka miwili.

Hospitali waliyokwenda ilikuwa na daktari kijana, mwanamke, kalamu sikioni na kikombe cha chai kilichopoa juu ya faili. Aliuliza maswali ya kawaida, akajibiwa na mama. Akauliza baba anafanya kazi gani. Hapo Ulimi akachangamka, hata mahali pale, hata siku ile. Alieleza vijumba, alieleza ngazi, akaeleza ulimi wake, na alipofika kwenye "nakwambia ulipakwa mwaka gani" akatabasamu kwa meno yote.

Daktari aliweka kalamu chini.

"Mzee, hebu tabasamu tena."

"Eti?"

"Tabasamu. Usiogope."

Alisogea, akamvuta mdomo wa chini kwa kidole chenye glavu, akamulika kwa tochi. Kwenye fizi, pale zinapokutana na meno, palikuwa na mstari mwembamba mweusi wa kuelekea buluu, umenyooka kama umepigwa na fundi mwenye mkono mzuri. Alimpa kioo cha mfukoni ajione. Ulimi alijitazama kwa makini ya kazi.

"Hiyo ni buluu ya namba tano," alisema. "Buluu iliyochanganywa na masizi."

Hakucheka mtu. Daktari akamgeukia mtoto, akamwomba naye afungue mdomo.

*

Majibu ya damu walirudi kuyachukua baada ya wiki moja. Daktari aliwaketisha, akafunga mlango, akasema maneno aliyokuwa ameyapanga vizuri, lakini lugha ikamsaliti.

"Mtoto wenu ana risasi mwilini. Nyingi sana."

Mama aliruka kwenye kiti. "Risasi? Nani kampiga mwanangu risasi?" Alimshika mtoto mabega, akamgeuza, akampandisha gauni mgongoni akitafuta tundu. "Lini? Wapi? Nani kampiga?"

"Hapana, mama, keti. Si risasi ya bunduki. Ni madini. Yanaitwa hivyo hivyo, risasi. Zamani yalitiwa kwenye rangi, ndiyo yanayoifanya iwe na utamu. Siku hizi yamekatazwa. Yakiingia kwa mtu mzima yanamdhuru. Yakiingia kwa mtoto yanakwenda kichwani."

Feni ilizunguka juu. Mtoto alikuwa akijaribu kukishusha kigauni chake mwenyewe na vidole havikumtii vizuri.

Swali lilikuwa limeulizwa mara tatu, nani kampiga, na kila mtu mle ndani sasa alikuwa na jibu. Mkewe hakumtazama. Angemtazama ingekuwa nafuu.

"Itatoka?" Ulimi aliuliza.

"Tutampa dawa ya kuitoa kwenye damu. Itatoka, si yote, ila itatoka." Daktari alizungusha kalamu. "Ile iliyokwisha kuharibu kichwani, mzee wangu, hiyo hatuwezi kuirudisha."

Mtu aliyekula miaka yake akirudisha vitu kama vilivyokuwa siku ya kwanza aliitikia kwa kichwa, kama anayepokea vipimo vya mlango.

Kwenye benchi la nje ndipo alipomkumbuka mzee aliyemfundisha kazi. Yule naye alikuwa akilamba kuta. Miaka yake ya mwisho mikono ililegea, akawa anasahau njia ya kwake, na watu wakasema ni pombe. Mzee yule hakuwahi kugusa pombe maishani. Ulimi mwenyewe alikuwa amesema ni pombe.

Nyumbani mkewe alitoa nguo zote nje, akafua kila kitu peke yake, ovaroli akaitia kwenye mfuko wa plastiki akaufunga fundo tatu. Alipiga deki chumba cha mbele mara nne. Alitoa makasha ya kiberiti chini ya kitanda cha mtoto. Yalikuwa thelathini na moja, yamepangwa kwa namba za vijumba, kwa mwandiko wa mtoto, ule mwandiko wa mwanzo uliokuwa umenyooka. Hapo akaketi sakafuni.

"Afadhali ungekuwa na nyumba ndogo ya kweli," alimwambia mumewe. Sauti ilikuwa ya chini, haikuwa na sindano hata moja. "Mwanamke angeninyang'anya mume tu."

Utani ule haukusikika tena mtaani. Jirani alijaribu siku moja, akaona uso, akameza maneno.

Mama Ramani alifika bila karatasi kwapani, mara ya kwanza watu kumwona hivyo, akaonekana kama mtu aliyekatwa kiungo. Kazi alikuwa ameisimamisha siku ile ile. Alisema maneno mengi ya mtu msomi: kwamba angepaswa kujua, kwamba ipo miongozo, kwamba aliwahi kuisoma akafikiri ni ya nchi za watu wengine. Ulimi alimsikiliza akiwa amesimama. Kisha mama yule akakwama katikati ya sentensi.

"Mimi ndiye niliyempa magamba mkononi," alisema. "Nilipiga makofi, fundi. Nilipiga makofi kuliko wote."

"Ulipiga," Ulimi akasema. Hakuwa anamlaumu. Alikuwa anathibitisha tu, kama shahidi.

*

Vijumba vimekwisha vyote sasa, kasoro kimoja. Ukipita pale mchana utavikuta vimetulia, kijani cha mwani, maruni, buluu, luva zimefunguka sawasawa, na kwenye baraza watu wa likizo wamelala na simu usoni. Ni vizuri. Hata anayetaka kuvichukia, kwa mfano mtu mwenye sababu, hushindwa. Kazi ya siku hizi hufanywa kwa maji: ukuta unaloweshwa, unakwanguliwa ukiwa mbichi, nailoni imetandikwa chini, na kila mtu kafunga mdomo na pua. Seremala hafundishwi tena. Akimwona mtu kavaa barakoa kisogoni humvua kwa kofi.

Ulimi alirudi kazini baada ya miezi minane. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea kifundoni, ukining'inia kama glavu iliyoanikwa, akajifunza skrepa kwa mkono wa kushoto. Anakwenda taratibu. Halambi. Kabla ya kugusa ukuta wowote huchukua kijiti chenye pamba ya dawa nchani, akakivunja, akasugua rangi, akasubiri. Kama kuna risasi, pamba inakuwa nyekundu. Kama hakuna, inabaki ilivyo. Haisemi zaidi ya hapo. Inasema tamu, au si tamu.

Vijiti vikiisha huenda kuvinunua mwenyewe duka la vifaa vya ujenzi, siku ya mapumziko, na humchukua Mtaalamu. Jina hilo limebaki, hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifuta. Ana miaka kumi na moja sasa, mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa kuchelewa kidogo baada ya wenzake. Yuko darasa la watoto wa miaka saba. Anapenda duka lile kwa sababu ya makopo ya rangi, ambayo huyatazama yote bila kuyataja. Mama yake huwashonea nguo za kutokea, shati la baba na gauni la mtoto kitambaa kimoja, na huwasindikiza mpaka mlangoni. Hasemi njia njema, ila anawatengeneza kola.

Wiki iliyopita walikuta foleni ndefu. Mwenye duka, anayemfahamu Ulimi tangu siku za makofi, alimletea kipakiti.

"Mjomba, vijiti vyako. Siku hizi vinatoka, mafundi wote wanavitaka."

"Vilianza kuletwa lini?" Ulimi aliuliza. Hakuwahi kuuliza kabla.

"Hivi? Ah, vipo toka zamani, mjomba. Tangu marehemu baba anaendesha duka. Vilikaa rafu ya juu pale, nyuma ya misumari. Hakuna aliyekuwa anaulizia."

Ulimi alikipokea kipakiti, akakipindua. Halafu akamgeukia binti yake, akamwekea kwenye kiganja, upande wenye karatasi ya bei ya kijiti kimoja.

"Nisomee, mama. Kimoja ni kiasi gani?"

Mtoto aliweka kidole chini ya tarakimu ya kwanza. Foleni ilisogea mbele, ikakwama nyuma yao. Mtu akakohoa, mwingine akatazama saa. Mwenye duka alifungua mdomo kumsaidia, na Ulimi akauinua mkono wake ule uliolegea, kifundo kikaning'inia hewani, akamzuia.

"Mwache. Anasoma."

Kidole kilitoka tarakimu ya kwanza kikaenda ya pili, kikarudi.

"Mbili," alisema Mtaalamu. Akamtazama baba yake usoni kuona kama amepatia. "Mbili... tano..."

"Ndiyo, mama. Endelea."

Alitazama zile sifuri mbili. Midomo ikatafuta. Ulimi alisubiri, na foleni nayo ikasubiri, mpaka ikawa wazi kwamba kilichokuwa kikitafutwa hakimo.

Kijiti kimoja, shilingi elfu mbili na mia tano.